Kauli ya Tatu

Katibu wa chama cha riadha alifika Jumamosi saa tatu kamili asubuhi, kwa kuwa alijua anakwenda kwa nani. Mwenye nyumba alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo ndiye aliyesimama mlangoni pa bwalo wakati wa chakula, saa ya kusimamisha mkononi, akaufunga mlango kengele ilipokoma kulia. Aliyebaki nje alibaki nje. Aliyeteguka mguu alibaki nje. Mtoto wa mkuu wa shule alibaki nje na njaa yake. Wanafunzi wakambandika jina la Sekunde, nalo likamganda hata wenziwe wakalisahau lile alilopewa na wazazi wake. Saa hiyo hiyo ndiyo aliyokwenda nayo uwanjani siku za mashindano, maana alikuwa pia mtunza saa mkuu wa taifa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Viatu."

Katibu, mtu mzima mwenye kitambi na gari la ofisi, akarudi mlangoni kuvua viatu kama mvulana wa kidato cha kwanza. Kisha akaketi ukingoni mwa kiti, akaweka jalada juu ya magoti.

"Mwalimu, sipindi kona. Nimekuja kwa habari ya Mshale."

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa katika sebule ile kwa miezi minane. Mshale alikuwa mkimbiaji wa mita mia nane, mwenye rekodi ya taifa. Alikuwa pia mume wa binti pekee wa nyumba ile, hadi jioni moja alipompiga mkewe huyo kwa kiganja na ngumi mpaka ngoma ya sikio la kushoto ikapasuka. Kesi ilifunguliwa, ikafutwa. Shahidi pekee, msichana wa kazi, alirudi kwao na hakuonekana tena mahakamani. Binti naye alirudi kwa baba yake akiwa na sanduku moja na sikio moja.

"Tarehe ishirini ya mwezi ujao," Katibu alisema, na sauti yake ikashuka, "rekodi yake inatimiza miaka kumi bila kuvunjwa. Kanuni unaijua. Miaka kumi, jina linawekwa kwenye ukuta wa lango la uwanja, bamba la shaba. Sasa watu wamegawanyika. Kina mama wanasema wataandamana. Mashabiki wanasema akinyimwa watang'oa lango. Waziri hataki kupigwa picha naye, wala hataki ionekane amemkimbia. Na katiba ya chama haina neno hata moja juu ya tabia, Mwalimu. Tunapima miguu, hatupimi ndoa."

"Basi iandikeni upya."

"Mkutano mkuu uko mbali. Na wajumbe wenyewe..." Katibu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayewajua wajumbe wake. "Tukianza kuchunguza tabia, Mwalimu, ukuta utabaki na misumari tu. Ila ipo njia. Siku ile saa zilikuwa tatu."

Zilikuwa tatu. Mtambo wa umeme wa kupimia ulikuwa umekufa asubuhi, na ilibidi watunza saa watatu wapime kwa mkono. Ya kwanza ilisema dakika moja, sekunde arobaini na tano na nukta tisa. Ya Sekunde ilisema arobaini na sita kamili. Ya tatu, arobaini na sita nukta tatu. Saa zikitofautiana zote tatu, hushikwa ile ya katikati. Ya katikati ilikuwa ya Sekunde, na rekodi ya zamani ya arobaini na sita nukta mbili ikavunjika. Lakini moja ikionekana mbovu na kubaki mbili, sheria hushika iliyo ndefu.

"Ukiiondoa yako," Katibu alisema, "inabaki nukta tatu. Hakuna rekodi. Hakuna rekodi, hakuna bamba. Hakuna aliyemhukumu mtu." Akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. "Sahihi tu. Kwamba saa yako siku zile ilikuwa ikisita. Saa haina mama wa kuililia, Mwalimu."

"Saa yangu ilikaguliwa wiki ile ile na idara ya vipimo."

"Nakala ya cheti pale ofisini imepotea."

"Ninayo yangu."

"Hata yako inaweza kupotea."

"Wewe uliiba majibu ya hesabu kidato cha pili."

"Na ukanichapa, Mwalimu."

"Sikukuchapa vya kutosha."

Katibu akacheka, kisha akaacha, kwa kuwa hakuwa na hakika kama palikuwa na la kuchekesha. Akasimama, akaiacha karatasi mezani. Akiwa anafunga kamba za viatu alisema la mwisho bila kuinua kichwa: "Usipotia sahihi, kauli tatu ni zako kusoma siku hiyo. Wenzako, mmoja tumemzika, mwingine yuko ughaibuni. Ukikataa kusoma, nitasoma mimi kwa niaba. Bamba halitakosa kufunuliwa."

Kauli tatu zilikuwa desturi kongwe kuliko uwanja wenyewe. Kabla ya kitambaa kuvutwa, mtunza saa aliyempima mkimbiaji husimama mbele ya watu na kusema: Nilimwona akikimbia. Hakuiba hatua. Anastahili. Kila kauli umati huijibu: Kweli! Sekunde alikuwa amezitamka kwa wakimbiaji watano maishani mwake, na kila mara ile ya tatu ilimtoka kwa wepesi kama pumzi.

Gari lilipoondoka, binti yake alitokea kwenye ujia wa chumbani. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi iliyopakana na uwanja. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaisoma karatasi akiwa amesimama.

"Kalamu iko wapi, Baba?"

"Keti, mwanangu."

Sekunde alikuwa amesemea upande wa kushoto. Miezi minane, na bado hakuwa amezoea upande wa kusimama. Binti akageuza uso kuitafuta sauti, na kule kugeuka kukamchoma baba yake kuliko tusi.

"Nimesema uketi."

"Sitaki kuketi. Unajua darasa gani litaimba siku hiyo? Langu. Mwalimu mkuu amenipa wimbo niwafundishe, watoto arobaini na wawili. Nimehesabu, Baba. Jina lake limo mara sita."

"Nitazungumza na mwalimu mkuu."

"Nimeshazungumza naye. Kasema kazi ni kazi, na ya chumbani yabaki chumbani." Akaisukuma karatasi mbele yake. "Basi la asubuhi linanishusha mbele ya ukuta ule. Kila siku ya Mungu nitashuka nikutane na jina lake, la shaba, limesuguliwa linang'aa. Tia sahihi."

Sekunde aliishika karatasi kwa ncha za vidole. Alitaka kuitia sahihi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kufunguka, ukingoja kalamu, na alipouona akauficha chini ya meza.

"Alikimbia," alisema. "Nilimpima mimi. Saa haikusita. Mnyonge mnyongeni, mwanangu, haki yake mpeni."

"Na mimi niliyenyongwa?"

Nje jirani alikuwa akifagia ua, na ufagio wake ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi.

"Nikidanganya kuhusu hili," alisema hatimaye, "kila nilichopima maisha yangu yote kitakuwa uongo. Na yeye atakuwa ameonewa. Unataka aje kuwa mtu aliyeonewa? Atatembea mji mzima akililia rekodi yake, na kwa mara ya kwanza atakuwa anasema kweli."

"Vijisehemu vitatu vya sekunde, Baba. Ndivyo ninavyokuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu nizaliwe, maana nyumba hii haikuwa na mlango wa kuombea. Leo naomba." Sauti yake ikakatika, akaiokota tena. "Siku ya harusi yangu ulisimama ukasema, mtu anayeweza kujizuia mzunguko wa kwanza ili aumalize wa pili, huyo anajitawala. Ulisema hivyo mbele ya watu wote. Nami nilikuamini, kwa sababu wewe hukusema jambo usilolipima. Sikulaumu. Hukujua."

Neno hilo ndilo lililomvunja. Angeweza kulimeza, lilikuwa neno la huruma, la kumfichia aibu, na hapana mtu mwingine duniani aliyejua kwamba halikuwa kweli. Lakini mtu aliyekataa kudanganya kwa kalamu angewezaje kudanganya kwa kunyamaza?

"Nilijua," alisema.

Akamsimulia. Miaka kumi na minne iliyopita, Mshale akiwa kidato cha nne, alichelewa bwalo kwa sababu ya mazoezi. Kengele ilikuwa imekoma, na Sekunde alikuwa ameushika mlango. Akamwona kijana yule akija anavuka ua wa shule kwa hatua ndefu zisizogusa chini, jasho likimetameta. Mashindano ya shule zote yalikuwa siku nne mbele, na shule haikuwa imeleta kombe kwa miaka tisa. Akaufungua mlango. Mara moja hiyo tu, kwa mtu mmoja huyo tu, katika miaka thelathini na mmoja. Mpishi wa kike aliyekwisha kugawa chakula akasema sufuria zimekwisha kuoshwa, na sheria ni sheria, hata Mwalimu mwenyewe anajua. Kijana akampiga ngumi ya mdomo. Meno mawili yakadondoka kwenye sinia.

"Nikafungua daftari la adhabu," Sekunde alisema. "Nikaandika neno moja: Ameonywa. Yule mama nikamwambia, kijana ana kichwa moto, tabia itanyooka na umri, lakini miguu haingoji. Aliziba mdomo kwa kitambaa akaniitikia, 'Ndiyo, Mwalimu.' Alhamisi tukaleta kombe."

Binti yake alikuwa amegeuza sikio zima kumwelekea, na kwa muda mrefu hakuliondoa, kana kwamba bado palikuwa na maneno njiani.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema taratibu. "Ulitufundisha wewe, methali hiyo. Uliiandika ubaoni pale jikoni."

"Mwanangu..."

"Ukanipeleka mimi nikamkunje akiwa amekauka."

Hakupiga kelele. Aliingia chumbani, na Sekunde akasikia sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda. Kulikuwa na chumba wazi katika nyumba za walimu, ndani ya ua wa shule yake. Alipotoka hakumkwepa baba yake mlangoni, wala hakumuaga, alipita tu. Jumatatu Sekunde aliipeleka karatasi ofisini kwa Katibu kwa miguu yake mwenyewe, safi, bila sahihi. Chini yake alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: Saa ilikuwa sawa. Nitasoma kauli.

Wiki tatu zilizofuata alipika wali usioiva na kuula. Mara mbili alikwenda hadi lango la shule ya msingi, akasimama ng'ambo ya barabara. Alisikia watoto wakijifunza wimbo. Alihesabu, hakutaka, lakini alihesabu: mara sita.

Tarehe ishirini jua lilitoka kali. Watu walijaa mbele ya lango la uwanja hadi barabarani. Polisi walikuwa wamewasukuma kina mama na mabango yao nyuma ya uzio, mbali, ambako maneno yao yalifika kama mvumo tu. Darasa la nne lilipangwa kwa mistari ngazi za chini, sare zimepigwa pasi. Binti yake alisimama mwisho wa mstari, mikono nyuma. Waziri hakuja, alituma mwakilishi na salamu. Kwenye ngazi za juu walikaa wanafunzi wa zamani wa bweni, sasa mawakili na madaktari, na mmoja wao akapaza sauti:

"Mwalimu! Leo usitufungie lango, tumewahi!"

Wakaangua kicheko. Sekunde akainua mkono kuwaitikia, na moyoni akajua kwamba baada ya nusu saa hapana hata mmoja wao atakayemchekea tena.

Mshale alisimama kando ya ukuta, ndani ya suti ya kijivu, bado mwembamba, bado mzuri wa umbo. Alimwendea Sekunde mbele ya kamera zote, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, baba mkwe."

Sekunde hakuitikia. Shikamoo ile ilining'inia kati yao, na waliokuwa karibu wakashusha macho.

"Bado una hasira, mzee?" Mshale alisema kwa sauti ya chini, bila kejeli, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, kwamba alikuwa akiuliza kweli. "Ya nyumbani ni ya nyumbani. Hapa ni uwanjani. Si wewe uliyenifundisha hivyo? Mimi nilisamehewa mbele yako, pale bwalo. Ukanifungulia na mlango."

Kisha wakaita jina la mtunza saa mkuu.

Alipanda jukwaani na kadi ya rekodi mkononi. Kipaza sauti kilikuwa kirefu kuliko yeye, Katibu akakishusha, akamnong'oneza, "Maneno matatu tu, Mwalimu, nakuomba."

Sekunde akasoma tarehe, masafa na muda: dakika moja, sekunde arobaini na sita kamili. Kisha akaishusha kadi.

"Nilimwona akikimbia."

"Kweli!" umati ukaitika, na lango likarudisha mwangwi.

"Hakuiba hatua."

"Kweli!"

Akanyamaza. Aliwaona watoto arobaini na wawili wakitazama mkono wa mwalimu wao, wakingoja uinuke. Alijua akisema anavyotakiwa kusema, hapana atakayemlaumu. Kauli ilikuwa ya miguu, na miguu ilistahili. Ndivyo alivyokuwa amejiambia miaka kumi na minne, kwa daftari na kwa kombe. Lakini kauli haikusema miguu. Waliotunga kauli ile zamani walikuwa watu wa maneno machache, na kama wangetaka kusema miguu wangesema miguu.

"Hastahili," alisema.

Hakuna aliyeitika. Mtu mmoja juu alicheka akidhani mzee amekosea.

"Rekodi ni yake. Hakuna mtu wa kuigusa, saa haikusita. Heshima si yake. Heshima humwambia mtoto: kuwa kama huyu. Na mtu huyu nilimwona akivunja mdomo wa mwanamke akiwa na miaka kumi na minane, nami nikamfichia, kwa ajili ya kombe. Leo mwanangu—"

Kipaza sauti kikazimwa. Aliendelea kusema, mishipa ya shingo imemtoka, lakini alikuwa mzee wa miaka sabini na mbili mbele ya maelfu ya watu, na sauti yake haikufika hata ngazi ya tatu. Polisi wawili wakamshika viwiko, kwa heshima, kama washikavyo mgonjwa. Kipaza sauti kikawashwa tena, na sasa kilikuwa mdomoni mwa Katibu.

"Mzee wetu amezidiwa na jua. Kwa niaba yake: Anastahili!"

"Kweli!" wakaitika. Hawakuitika wote. Lakini waliitika wa kutosha.

Kitambaa kikavutwa. Bamba likaakisi jua hadi watu wakakinga macho. Katibu akaashiria wimbo, watoto wakafungua vinywa, na mkono wa mwalimu wao haukuinuka. Ulibaki nyuma ya mgongo, umeshikana na mwenziwe. Wakangoja, vinywa wazi. Ndipo mwalimu mkuu akajitokeza pembeni, akainua mkono wake mwenyewe, na watoto, ambao hawakuwa na kosa, wakaimba. Waliimba vizuri. Waliimba jina lile mara sita.

Sekunde alifika lango la shule darasa la nne likirejea kwa mistari miwili. Alikuwa amepoteza kofia yake, na mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alikuwa amemtemea mate karibu na kiatu. Binti yake alisimama penye lango akihesabu watoto wanaoingia. Alisubiri mpaka wa mwisho akapita.

"Mwanangu."

Alikuwa upande wa kushoto tena. Akazunguka kwenda kulia.

"Walipozima kipaza sauti nilikuwa bado nasema. Ulinisikia?"

"Niliona mdomo wako ukicheza."

"Nilisema hastahili. Nilisema nilimfichia. Nilitaka kusema na habari yako, wakanikata."

"La hastahili nililisikia." Alimtazama usoni, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa na uchovu tu, kama macho ya mtu aliyeamka kabla ya alfajiri kwa miaka mingi. "Lilikuwa neno zuri, Baba. Ndilo neno lenyewe hasa. Lakini umechelewa."

Kengele ya kipindi ikalia ndani. Binti alishika lango kwa mkono mmoja, akangoja kidogo, labda kuona kama baba yake atasema kitu. Mbele ya mlango wa bwalo, kwa miaka thelathini na mmoja, Sekunde alikuwa amewasikia wavulana wakieleza: viatu vimekatika, nilikuwa zahanati, nisamehe leo tu, Mwalimu. Maneno yote hayo aliyajua kwa moyo. Hakutumia hata moja.

Kengele ilipokoma, alirudi nyuma hatua moja ili lango lipate nafasi ya kufungwa.